Mbona samaki wa hapa si kama wa pale?

LIKIZO iliyopita nilimpeleka binti ya kaka yangu Mombasa. Yuko Gredi ya Saba, amezaliwa na kulelewa hapa Nairobi, na samaki wa baharini aliowahi kuwaona wakiwa hai ni wale wa kwenye tangi la kioo katika chumba cha kungojea cha daktari wa meno.

Siku ya kwanza tulikwenda ufuo mmoja ng'ambo ya Likoni. Maji yalikuwa yamekupwa. Tulivaa viatu vya mpira, tukaazima miwani ya kuzamia, tukaingia. Tulichokiona hakikutufurahisha. Mawe yaliyofunikwa na mwani, mchanga, visamaki viwili vitatu vya hapa na pale, na wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mwili mzima, ambao katika makala haya nitawaita nungunungu wa baharini. Walikuwa wamejaa kila ufa wa mwamba hata hapakuwa na mahali pa kutia mguu.

Siku ya tatu tulilipa kiingilio tukapelekwa katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa kwa mashua yenye kioo chini. Nahodha alikuwa mzee wa makamo, mpole wa maneno. Alitia nanga, binti akatumbukiza uso majini, na kwa muda wa dakika kumi hatukusikia sauti yake. Alipoinuka, macho yalikuwa yamemtoka.

"Shangazi, mbona samaki wa hapa ni wengi na wakubwa hivi? Kwani wale wa juzi walihama?"

Kabla sijafungua kinywa, nahodha akatabasamu. "Hawakuhama, mwanangu," akasema. "Waliliwa."

Mpenzi msomaji, jibu hilo fupi lina ukweli mwingi, lakini si ukweli wote. Leo nataka tulichambue pamoja, maana swali la mtoto huyu ndilo wataalamu wa bahari wamekuwa wakijiuliza kwa miaka mingi: kwa nini samaki wa mwamba mmoja si sawa na samaki wa mwamba mwingine, ilhali bahari ni ile ile moja?

Ua wa mawe yaliyo hai

Hebu tuanze na ramani. Pwani yetu ina urefu wa takriban kilomita 600, kutoka Vanga mpakani na Tanzania hadi Kiunga mpakani na Somalia. Kuanzia Shimoni hadi Malindi, mwendo wa kilomita kama 200, mwamba wa matumbawe umeandamana na ufuo mfano wa ua uliozunguka boma. Ua huu hukatika pale tu penye hori na midomo ya mito, kama vile Kilindini, Mtwapa na Kilifi. Ndani ya ua maji ni matulivu, na huko ndiko watoto huogelea. Nje ya ua mawimbi ya bahari kuu hupiga usiku na mchana.

Ukishapita Malindi ua unatoweka. Hapo ndipo mito ya Sabaki na Tana humwaga maji na matope yake, na matumbawe na matope hayapatani. Miamba huanza tena upande wa Lamu na kuendelea hadi Kiunga, lakini huko si ua tena bali ni vipande vipande vilivyotawanyika.

Kwa nini matumbawe huchukia matope? Kwa sababu tumbawe si jiwe, ijapokuwa hufanana na jiwe. Ni mkusanyiko wa wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba za chokaa. Ndani ya miili yao huishi vimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo hutumia mwanga wa jua kuwatengenezea wenyeji wao chakula. Maji yakichafuka, mwanga haufiki, na njaa huanza.

Kila mmoja na kazi yake

Mwamba wenye afya ni kama mtaa wenye shughuli nyingi. Kila mkazi ana kazi yake, na akikosekana mmoja wengine wote huona upungufu.

Mtazame pono, ambaye mdomo wake ni kama wa kasuku. Kutwa nzima hukwangua mwani kwenye mawe, akiyatafuna mawe yenyewe pamoja na mwani huo, kisha hutoa unga wa chokaa. Pono mkubwa aweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Naam, ule mchanga mweupe unaotandika taulo lako ukiwa likizoni, sehemu yake ilipitia tumboni mwa pono! Tafi na kangaja nao hula mwani. Kazi ya hawa watatu ni kama ya mpaliliaji shambani: wasipokuwapo, magugu humeza mazao.

Changu hupekuapekua mchangani akitafuta kaa na konokono. Kitatange, yule mwembamba wa rangi za kupendeza, huzunguka kwenye matawi ya matumbawe, na baadhi ya jamii zake hula matumbawe yenyewe na si kitu kingine. Tewa na chewa hukaa pangoni wakingojea samaki mzembe apite. Hata kinyozi yupo! Ni samaki mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye kazi yake ni kuwatoa wenziwe wadudu mwilini. Tewa mwenye uwezo wa kummeza mara moja hufungua kinywa, akamwacha aingie asafishe, kisha humruhusu atoke salama.

Halafu kuna kikande. Huyu hana umbo la kujivunia na watalii hawamtafuti. Lakini ana meno magumu na taya zenye nguvu, na chakula akipendacho ni nungunungu wa baharini. Mkumbuke vizuri huyu kikande, msomaji, kwani tutamrudia.

Maji na makazi

Sasa turudi kwenye swali la binti yetu. Sababu ya kwanza ya samaki kutofautiana ni maji.

Nenda kusini kabisa, Kisite, karibu na kisiwa cha Wasini. Huko maji hutoka bahari kuu, ni safi, na matumbawe yamestawi. Samaki wanaohitaji matumbawe hai kwa chakula au kwa maficho hupata makao.

Panda hadi Malindi. Wakati wa Kaskazi, upepo uvumao kuanzia Novemba hadi Machi, maji mekundu ya Sabaki husukumwa upande wa kusini hadi kufikia miamba ya hifadhi. Matumbawe yasiyovumilia tope hupungua, yakabaki yale sugu, na samaki nao hubadilika kulingana na makazi yaliyopo.

Endelea hadi Kiunga. Huko maji baridi yanayoibuka kutoka vilindini upande wa Somalia hufanya athari yake. Maji hayo yana rutuba nyingi, hivyo mwani hunawiri, lakini aina nyingi za matumbawe hazipendi baridi. Ndiyo maana idadi ya aina za matumbawe katika eneo letu la Bahari ya Hindi huwa kubwa zaidi kusini, kati ya Msumbiji ya kaskazini, Komoro na Madagascar, na hupungua kadiri unavyokwenda Somalia.

Sababu ya pili ni makazi yenyewe. Hata katika mwamba mmoja, mwendo wa dakika chache wa kuogelea waweza kukutoa mtaa mmoja hadi mwingine. Penye nyasi za baharini utakuta tafi, aina ya pono wa rangi ya kijani anayefanana na nyasi, na watoto wa changu. Penye matumbawe ya matawi utaona visamaki vidogo vikitoka na kuingia kama nyuki mzingani. Ukingo wa nje, penye mawimbi, hupita kolekole na wawindaji wengine wenye mbio. Kwenye mikoko ya hori ndiko watoto wa samaki wengi hulelewa kabla ya kuhamia mwambani.

Tofauti za namna hii ni za maumbile. Hazitudhuru, bali ni utajiri wetu. Kisite isingekuwa Kiunga hata kama binadamu hajaumbwa.

Mkono wa mtu

Lakini ufuo wa ng'ambo ya Likoni na hifadhi ya Mombasa viko pande mbili za mji mmoja. Maji yao yana joto moja, mkondo wao ni mmoja, mwamba wao ni wa ukoo mmoja. Hapa maji na makazi havitoshi kueleza. Sababu ya tatu ni mkono wa mtu.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kutenga hifadhi za bahari. Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968. Kisite-Mpunguti ilifuata katika miaka ya 1970, kisha Kiunga mwaka 1979, na Mombasa mwaka 1986. Katika sehemu zilizo hifadhi kamili hairuhusiwi kuvua hata dagaa. Katika zile za akiba huruhusiwa uvuvi wa kienyeji, kama vile mshipi na madema.

Tangu miaka ya 1980, wataalamu, miongoni mwao mwanasayansi Tim McClanahan, wamekuwa wakizamia na kuhesabu samaki ndani na nje ya hifadhi hizi, mwamba baada ya mwamba, mwaka baada ya mwaka. Waligundua kwamba uzito wa samaki wote kwa jumla katika hifadhi za zamani ni mara kadhaa zaidi ya ule wa miamba inayovuliwa sana. Isitoshe, si wingi tu unaotofautiana. Wakazi wenyewe ni tofauti. Nje ya hifadhi tewa ni adimu, changu wakubwa ni adimu, na kikande karibu hayupo.

Kwa nini tafi abaki na tewa atoweke? Tafi hukua haraka na huanza kuzaa akiwa na umri mdogo. Ukivua wengi leo, wengine wanakuja. Tewa na chewa hukawia kukua. Ukimvua kabla hajazaa, umekula mtaji na faida kwa siku moja. Ndiyo sababu wavuvi wetu wa mwambani siku hizi hurejea nyumbani na tafi, pono wa nyasi na changu wadogo kuliko kitu kingine chochote.

Sasa tumrudie kikande wetu. Huyu ndiye askari mkuu wa nungunungu wa baharini. Hana bei kubwa sokoni, lakini huingia kwa urahisi kwenye dema na kwenye mshipi. Akiisha, nungunungu hubaki bila adui wa kutisha, wakaongezeka maradufu. Nungunungu hawa hula mwani, na ungedhani hilo ni jema. Kumbe wanapokula hukwangua na mwamba wenyewe, wakauchimba na kuumega. Aidha, wakishakuwa wengi huwanyang'anya chakula tafi, kangaja na pono. Matumbawe hupungua, maficho hupungua, samaki hupungua, na mvuvi anayetafuta samaki wachache waliobaki humaliza hata vikande wachache waliobaki. Mzunguko huo ndio tuliouona kwa macho yetu siku ile ya kwanza, na viatu vyetu vya mpira.

Je, mambo haya hurekebika? Hifadhi ya Mombasa ni ushahidi. Ingawa ilitangazwa mwaka 1986, uvuvi ndani yake ulikomeshwa hasa mnamo 1991. Kabla ya hapo ilikuwa mwamba uliochoka kama mingine. Baada ya miaka michache samaki wengi walianza kurudi. Ila kikande hakuharakisha. Wataalamu wamegundua kwamba yeye huchukua zaidi ya miaka kumi kurudi kwa idadi ya kutosha, na mpaka arudi, nungunungu hawapungui upesi. Kuharibu ni kwa msimu, kutengeneza ni kwa kizazi.

Yasemwayo na mvuvi

Ni rahisi kwa mtu wa Nairobi kusema, "Basi wavuvi waache kuvua." Nilimuuliza nahodha wetu, nikagundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa mvuvi wa madema.

"Mwaka tuliofukuzwa hapa tuliona tumeporwa," aliniambia. "Baba yangu alitega hapa, babu yangu alitega hapa. Tuliambiwa tupishe samaki. Na watoto je, wale nini?"

"Na sasa mzee?" nikauliza.

Akanionyesha kwa kidole maboya yaliyokuwa yakielea mbali kidogo. "Unayaona yale? Mpaka wa hifadhi uko pale. Yule anayetega pale ni mwanangu. Samaki hawajui mpaka, wakijaa ndani humwagika nje. Lakini hasira sikuimaliza yote, nakwambia kweli."

Maneno yake yanalingana na waliyoyaona wataalamu. Wavuvi wa madema hupenda kutega karibu kabisa na ukingo wa hifadhi kwa sababu huko ndiko samaki hufurika. Lakini pia ni kweli kwamba hifadhi inapowekwa, anayelala njaa usiku wa kwanza ni mvuvi, wala si mimi na wewe tunaokuja kupiga picha.

Ndiyo maana lililotendeka Kuruwitu, karibu na Vipingo katika Kaunti ya Kilifi, linafaa kutajwa. Mwaka 2005 wavuvi na wakazi wenyewe waliamua kufunga kipande cha bahari yao, hekta kama 30, kisivuliwe. Mahali kama hapo pwani huitwa tengefu. Haikuwa amri kutoka Nairobi. Samaki walirudi, na mwaka 2017 Kuruwitu ilipata Tuzo ya Ikweta inayotolewa na Umoja wa Mataifa. Vijiji vingine vya pwani navyo vimeanzisha matengefu yao.

Kuna na njia zisizohitaji kufunga bahari. Juya la kukokota, lile livutwalo hadi ufuoni na kuzoa vikubwa na vidogo pamoja na nyasi, lilipigwa marufuku mwaka 2001, ijapokuwa bado huonekana mahali fulani fulani. Kadhalika yapo madema yaliyosukwa kwa kuachiwa mianya myembamba pembeni. Samaki mchanga hupenya akatoka, na wale wembamba wa mapambo kama kitatange pia hutoka. Mkubwa hubaki. Majaribio yaliyofanywa katika pwani yetu yameonyesha kwamba madema ya aina hii yanafaa.

Joto lisilojua ua

Hata hivyo nisikudanganye, msomaji. Ua wa hifadhi humzuia mvuvi, lakini hauzuii joto. Maji yakizidi kwa nyuzi moja tu joto la juu lililozoeleka, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, matumbawe huvifukuza vile vimea vinavyoyalisha na kubaki meupe kama mfupa. Hali ikiendelea, yanakufa.

Mwaka 1998 bahari yetu ilipashwa moto na El Niño, na katika miamba mingi ya Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe yalikufa, ndani ya hifadhi na nje. Mwaka 2016 yalipauka tena. Na mnamo Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba miamba ya dunia nzima ilikuwa imo katika mpauko mkuu wa nne. Matumbawe ya matawi yakifa, kitatange anayeyala na visamaki vinavyojificha humo hutangulia kutoweka. Mwani huota juu ya mifupa iliyobaki. Hapo ndipo pono, tafi na kangaja huhitajika kuliko wakati wowote, kwani watoto wa matumbawe hawawezi kushika kwenye jiwe lililofunikwa na mwani. Mwamba uliokwisha kunyang'anywa wapaliliaji wake huanza kujijenga upya ukiwa na mkono mmoja umefungwa.

Wewe na mimi wa mjini

Huenda unajiuliza haya yakuhusu nini wewe unayekaa Umoja au Kawangware. Yanakuhusu. Mto Nairobi huingia Mto Athi. Athi hubadilika jina ukawa Galana, kisha Sabaki, ukamwaga Malindi. Udongo unaomomonyoka mashambani Ukambani, na taka tuzitupazo mtoni hapa mjini, njia yao ni hiyo hiyo.

Yanakuhusu pia sokoni. Ukinunua samaki wa mwambani, usichukue tewa au changu mwenye ukubwa wa kiganja, hata ukipunguziwa bei. Muulize mwuzaji amevuliwa wapi na kwa chombo gani. Akiulizwa na wateja wengi, naye atamwuliza aliyemletea.

Na ukijaliwa kwenda pwani, usikanyage matumbawe, usiwarushie samaki mkate, na usinunue makombe na nyota za baharini za kupamba sebule. Lipa kiingilio cha hifadhi angalau mara moja ili watoto waone mwamba ulivyopaswa kuwa. Asiyewahi kuuona mwamba uliojaa atadhani ule mtupu ndio wa kawaida.

Kwa wanafunzi nina zoezi dogo. Chagua mahali pawili baharini, kaa dakika kumi kila mahali, uandike aina za samaki uwaonao na ukubwa wao. Kisha hesabu nungunungu katika hatua kumi za mraba. Utakuwa umefanya kazi ile ile waifanyayo mabingwa.

Binti ya kaka yangu alilifanya zoezi hilo bila kuambiwa. Tulipokuwa kwenye treni ya kurudi Nairobi nilimkuta amechora mistari miwili kwenye daftari, upande mmoja "juzi" na upande wa pili "leo". Upande wa leo ulikuwa umejaa hadi chini. Upande wa juzi ulikuwa na majina matatu.

"Shangazi," akaniuliza, "wale wa juzi watarudi lini?"

Nilipiga hesabu. Miaka kumi, kumi na mitano, na zaidi kwa kikande. "Wakiachwa leo," nikamwambia, "utawakuta ukija na watoto wako."

Akaandika hilo pia.

Hadi Jumapili ijayo, msomaji, kwaheri ya kuonana.